Kigoma mpaka Guangzhou ni masaa mangapi? Inategemea unahesabu nini

Hili swali linaulizwa sana hapa Kigoma siku hizi, hasa pale sokoni Mwanga kwa watu wanaoanza kufuata mzigo wenyewe China badala ya kuagiza kwa mtu. Ni mbali kiasi gani na ndege inatumia masaa mangapi? Na majibu wanayopewa ni vurugu tupu. Mmoja anasema masaa kumi, mwingine kumi na tano, mwingine anakwambia siku mbili nzima, mwingine anatoa simu anakuonyesha Google imemwandikia km elfu tisa na kitu, anakwambia gawa kwa mia tisa jibu unalo. Wote hao hawadanganyi, ila kila mmoja anapima kitu chake, na anayeumia ni yule wa safari ya kwanza ambaye amebeba hela ya mtaji na tiketi ambayo hajui kuisoma vizuri. Ndo maana nimeona niiandike hii kwa urefu.

Tuanze na kilomita maana ndo rahisi kidogo. Ukivuta mstari mnyoofu juu ya mgongo wa dunia kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma mpaka wa Guangzhou unapata kama km 9,580. Hiyo ndo namba ambayo simu inakupa, na hakuna ndege hata moja inayopita huo mstari, kwa sababu hakuna ndege inayotoka Kigoma kwenda China moja kwa moja, ndege kubwa za safari ndefu hazitui hapa. Kwa hiyo safari ya kweli ni vipande. Kigoma mpaka Dar kwa angani ni kama km 1,080, na Dar mpaka Guangzhou ni kama km 8,710, jumla km 9,790. Angalia hiyo tofauti: kupitia Dar kunakuongezea km 210 hivi tu kwenye safari ya karibu elfu kumi. Watu wengi wa huku wanalalamika kwamba kwenda Dar kwanza ni kuzungushwa, lakini kwa safari za mashariki siyo kuzungushwa kabisa, Dar iko mashariki yetu na China iko mashariki yetu, yaani ni karibu njia moja. Kuna wenzetu wanaovuka mpaka wa Burundi pale Manyovu wakapandie ndege Bujumbura, wanapita Addis Ababa ndo waende Guangzhou, na ukipiga hesabu ya angani kuanzia Bujumbura ni kama km 9,760, karibu sawasawa na ya Dar. Wanaopitia Doha wakitokea Dar ndo wanaongeza njia kweli, inafika km 11,100 ukianzia Kigoma, yaani km 1,300 zaidi ya ile ya Dar moja kwa moja, ambayo kwa ndege kubwa ni kama saa moja na nusu ya kuruka. Siyo nyingi hivyo. Kinachokula muda Doha siyo kilomita, ni kukaa pale kwenye viti kusubiri ndege ya pili, na hilo nitalirudia.

Sasa huo mstari mnyoofu wenyewe unawachanganya watu wakiuona kwenye skrini ya ndege umepinda. Wanauliza rubani anazunguka wapi? Hazunguki. Dunia ni mviringo na ramani ya ukutani ni bapa, na huwezi kulilaza umbo la mviringo kwenye karatasi bila kulinyoosha mahali fulani. Chukua chungwa, weka uzi kutoka sehemu moja mpaka nyingine uuvute mpaka ukaze, huo uzi ndo njia fupi kuliko zote, halafu jaribu kuuchora huo uzi kwenye karatasi uone utakavyopinda. Kwa safari za huku kwetu karibu na ikweta kupinda huko siyo kukubwa, ya Dar kwenda Guangzhou inakatiza Bahari ya Hindi, inaingia kusini mwa India, inavuka Ghuba ya Bengal, inapita Myanmar, Laos na kaskazini mwa Vietnam na kuingia China kwa upande wa kusini. Lakini ukienda nchi za juu kaskazini inakuwa kitu kingine kabisa, ndege ya Dubai kwenda Los Angeles njia yake fupi inapita karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wakati kwenye ramani ya ukutani ungedhani itapasua Afrika na Atlantiki.

Na hata hiyo njia fupi mara nyingine haipitiki. Watu wa Kigoma na Tabora hili tunalijua kwenye historia yetu wenyewe. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone na akafika Ujiji mwishoni mwa mwaka huohuo, zaidi ya miezi saba njiani, na siyo kwamba ule umbali unahitaji miezi saba kwa mguu. Kipindi kile Mtemi Mirambo alikuwa kwenye vita na Waarabu wa Tabora na barabara ya kwenda Ujiji ikafungwa, Stanley akakwama Tabora, alipoondoka ikabidi azungukie kusini. Angani ni hivyohivyo mpaka leo. Sudani ilifunga anga yake Aprili 2023 vita vilipoanza, ndege zilizozoea kupita juu yake zikitoka Afrika Mashariki kwenda kaskazini zikabidi zitafute njia ya pembeni. Kubwa zaidi ni ya Urusi, tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti juu yake, na safari ya Helsinki kwenda Tokyo ambayo ilikuwa masaa 9 hivi ikawa kama 13. Miji haijahama, kilomita za kwenye simu ni zilezile, ila abiria anakaa angani masaa manne zaidi. Kwa hiyo mtu akikupa umbali kati ya miji miwili amekupa umbali wa ardhi, njia atakayopita ndege ni suala jingine na inaweza kubadilika mwaka kwa mwaka.

Haya, sasa tuje kwenye masaa, hapa ndo penye kazi.

Mfano mzuri kuliko yote tunao hapahapa nyumbani. Ndege ya Kigoma kwenda Dar mara nyingine inaenda moja kwa moja, mara nyingine inapitia Tabora. Tabora iko karibu kabisa na mstari wa Kigoma na Dar, Kigoma mpaka Tabora ni km 350 na kitu, Tabora mpaka Dar km 730 na kitu, ukijumlisha unaona kupitia Tabora kunaongeza chini ya km 10. Kilomita kumi kwa ndege ni dakika moja. Lakini kila aliyepanda hiyo ya Tabora anajua haiongezi dakika moja, ni karibu saa nzima, kwa sababu ndege inaanza kupunguza mwendo na kushuka mbali sana kabla ya kufika, inatua, inatembea ardhini, inazima injini, watu wanashuka, mizigo inashuka, wengine wanapanda, mlango unafungwa, inatembea tena ardhini, inapaa, inapanda taratibu mpaka kufika kimo chake. Kwa maoni yangu mtu akiielewa hii ya Tabora ameelewa nusu ya somo lote, maana anaona kabisa kwamba ndege haili muda kwenye kilomita za katikati, inakula muda mwanzoni na mwishoni.

Ndo maana ile hesabu ya kugawa km kwa spidi haitoki sawa. Ndege ya pangaboi, ile ya mapanga ya kuzunguka inayokuja huku, ikiwa juu inakimbia km 600 na kitu kwa saa, ukigawa 1,080 kwa 600 unapata saa 1 na dakika 48, ila tiketi inakuandikia masaa mawili na zaidi. Tiketi haikudanganyi. Muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka pale ilipopaki mpaka inaposimama kabisa kwenye paking ya huko iendako, humo kuna kutembea ardhini, kuna foleni ya kupaa, kuna kuzungushwa kidogo angani kusubiri nafasi ya kutua Dar, na mashirika yanaongeza dakika kadhaa za akiba ili ndege isionekane imechelewa. Sasa kwenye safari fupi hizo dakika ni nyingi ukilinganisha na safari yenyewe, kwenye safari ndefu zinamezwa. Mimi kwa ndege kubwa ya jeti huwa nagawa kilomita kwa 850 halafu naongeza nusu saa, hiyo inakaribia ukweli. Dar mpaka Guangzhou km 8,710 kwa 850 ni masaa 10 na robo, ongeza nusu saa, masaa 10 na dakika 45, na safari yenyewe kweli inacheza kati ya masaa 10 na nusu na 11. Ukigawa kwa 900, ambayo ndo spidi ya Dreamliner, ile jeti kubwa ya safari ndefu, ikiwa juu, utapata chini ya masaa 10 na utakuwa umejidanganya kwa karibu saa nzima.

Halafu kuna upepo. Huu wengi hawauhesabu kabisa. Huko juu futi elfu thelathini na kitu kuna mikondo ya upepo inayoweza kwenda kasi kama gari la mashindano, na ndege inabebwa na hewa iliyomo, kwa hiyo upepo wa nyuma unaisukuma na wa mbele unairudisha. Chukua kipande cha km 3,000 tu, ndege ya spidi ya 900 ikisukumwa na upepo wa 150 inakwenda 1,050, inamaliza kwa saa 2 na dakika 51, ikirudi upepo uleule uko usoni inakwenda 750, inamaliza kwa masaa 4. Njia moja, ndege moja, tofauti saa moja na dakika 9. Mikondo mikubwa ya namna hii inavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ndo maana New York kwenda London ni masaa 7 hivi na kurudi ni 8. Kwa njia yetu ya China, kipindi cha Desemba mpaka Februari mkondo huo unakuwa na nguvu sana juu ya kusini mwa Asia, kwa hiyo kwenda kunakuwa kwepesi na kurudi kunachelewa. Kati ya Juni na Agosti kuna upepo mwingine wa juu unaotokea mashariki juu ya kusini mwa India na Bahari ya Arabia, kwenye kipande hicho mambo yanageuka. Kwa hiyo aliyekwenda Januari akikupa masaa yake na wewe unakwenda Julai usishangae mkipishana.

Kuna hoja moja nimeisikia mara nyingi kwamba kwenda magharibi kungekuwa haraka kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki, ndege ikishapaa dunia inajileta yenyewe chini yake. Hapana. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia na ndege imo ndani ya hiyo hewa. Uso wa dunia hapa ikweta unakwenda kama km 1,670 kwa saa, ingekuwa hewa haifuati basi hata sisi tuliosimama tungepigwa na upepo wa spidi hiyo tukang'oka na mabati yetu. Kinachoitofautisha kwenda na kurudi ni hiyo mikondo, basi.

Mzunguko wa dunia unaingia kwenye kitu kingine, saa za nchi na nchi, na watu wa Kigoma wana bahati ya kulielewa hili kuliko watu wa Dar kama wakitulia kidogo. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja ni dakika 4. Kati ya Dar na Kigoma kuna nyuzi 9 na nusu, kwa hiyo jua linatufikia sisi kama dakika 38 baada ya kuwafikia wao. Hii siyo nadharia, mwezi wa Ramadhani kila mtu wa Ujiji anajua adhana ya magharibi ya redio ya Dar siyo yako, wao wanafuturu jua linapozama kwao kwenye saa 12 na nusu jioni, sisi bado tunaliona juu ya milima ya Kongo mpaka kwenye saa 1 na dakika chache. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima ila jua siyo moja. Sasa vuka ziwa. Ziwa Tanganyika upana wake wa wastani ni km 50 tu, ukipanda boti Kibirizi ukashukia upande wa Kongo unarudisha saa yako nyuma saa nzima, Burundi hivyohivyo. Kilomita 50 saa moja, halafu kutoka hapa mpaka Dar kilomita 1,080 hakuna hata dakika. Hii inaonyesha wazi kwamba saa za nchi zimepangwa na serikali, hazipimi umbali. China wameenda mbali zaidi, nchi kubwa vile ina saa moja tu kutoka mashariki mpaka magharibi, na hiyo saa iko mbele yetu kwa masaa 5.

Hayo masaa 5 ndo yanayozalisha yale majibu ya "masaa kumi na tano", na mengine ya "masaa sita tu" kwa kurudi. Tiketi inaandika muda wa kuondoka kwa saa ya huku na muda wa kufika kwa saa ya kule. Tuseme inasema unaondoka Dar 18:00 unafika Guangzhou 09:30 kesho yake. Mtu anahesabu anapata masaa 15 na nusu, anaanza kuogopa. Toa 5, ni masaa 10 na nusu. Kurudi tuseme unaondoka Guangzhou 11:00 unafika Dar 17:00, anahesabu anapata masaa 6, anafurahi, anawatangazia watu kwamba kurudi ni karibu kuliko kwenda. Ongeza 5, ni masaa 11. Kwenda mashariki unatoa, kurudi magharibi unaongeza, na hesabu hii ukiishika hutababaika na tiketi yoyote ya nchi yoyote, unachotakiwa kujua ni tofauti ya masaa ya nchi hizo mbili.

Lakini kinachowaachisha watu ndege kuliko upepo na ramani na kila kitu ni namna ya kuisoma hiyo saa yenyewe. Sisi saa yetu inaanza jua linapochomoza na tiketi saa yake inaanza katikati ya usiku. 07:00 ni saa 1 asubuhi, hiyo kila mtu anajua, tatizo ni za usiku. 03:25 kwenye tiketi ni saa 9 na dakika 25 usiku, siyo saa 3 ya asubuhi wala ya usiku. Na mbaya kuliko zote ni ile inayoanza na 00. Tiketi imeandikwa tarehe 12, 00:40. Mtu anaamka tarehe 12 asubuhi, ananyoosha nguo, anaaga majirani, jioni anaenda eapoti na mabegi yake anaambiwa ndege yako imeondoka jana usiku. Kwake yeye usiku wa tarehe 12 ni ule unaofuata baada ya mchana wa tarehe 12, na kwa maisha yetu yuko sahihi kabisa, ila tiketi imebadilisha tarehe saa 6 usiku, kwa hiyo 00:40 ya tarehe 12 ni usiku wa kuamkia tarehe 12, eapoti unatakiwa uwepo tarehe 11 saa 3 na nusu usiku. Tafadhali, ukiona 00 au 01 au 02 kwenye tiketi, mwambie mwenyeji wako "usiku wa kuamkia" na umwandikie kwenye karatasi, maana hela hiyo ikipotea hairudi yote na kwa tiketi nyingine hairudi kabisa.

Sasa ndo tufike kwenye "siku mbili". Aliyesema hivyo amehesabu kuanzia alipofunga mlango wa nyumba yake, na mimi nadhani kwa mtu wa Kigoma hiyo ndo hesabu yenye maana. Kuruka kwenyewe jumla ni kama masaa 13, mawili na kitu kwenda Dar na kumi na kitu kwenda Guangzhou. Yaliyobaki yote ni kusubiri. Ndege ya kwenda Dar haikuulizi ya China inaondoka saa ngapi, unachukua iliyopo siku iliyopo, unafika Dar unakaa mpaka muda wa ya pili, na kwa safari ya nje unatakiwa kuwa kaunta masaa 3 kabla. Ukipitia Addis au Doha unaongeza kusubiri kwingine, kunaweza kuwa masaa mawili au kumi, na bei ya tiketi mara nyingi ndo inaamua, zile za bei rahisi ndo zenye kukaa sana. Kwa hiyo ukilinganisha tiketi usiangalie kilomita, angalia muda wote tangu kuondoka mpaka kufika, umeandikwa pale juu, halafu fungua ndani uone umekaa wapi na masaa mangapi.

Na uulize jambo moja kabla ya kulipa: hizo safari mbili, ya Kigoma kwenda Dar na ya Dar kwenda China, ziko kwenye buking moja au ni tiketi mbili zilizokatwa kila moja kivyake? Zikiwa buking moja, ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine, na begi kwa kawaida linasajiliwa mpaka mwisho. Zikiwa tiketi mbili tofauti, shirika la pili halijui kama wewe ulikuwa umekwama Kigoma kwa mvua au kwa ndege kuharibika, kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na begi unalichukua mwenyewe Dar unalipeleka upya. Mwenye tiketi mbili aende Dar siku moja kabla, alale kwa ndugu au gesti ya karibu na eapoti, gharama ya usiku mmoja ni ndogo sana mbele ya tiketi ya China.